Bima ya safari kwa mzazi mwenye presha na sukari: ipi imfae akienda majuu kuona wajukuu?

Mama yangu ana miaka 71, presha anayo tangu nikiwa sekondari, sukari ikafuata baadaye, na dada yangu aliyeko Marekani amejifungua. Kwa hiyo mama anaenda kumkanda binti yake, hilo nyumbani kwetu halina mjadala. Viza ya matembezi ipo, tiketi tunaifuatilia, kilichobaki ilikuwa bima na hiyo kazi nikapewa mimi kwa sababu niko hapa Dar na nafanya kazi Posta ambako ofisi za bima zimejaa kila ghorofa.

Nikakusanya karatasi za kampuni tofauti nikazipeleka Tabata jioni moja. Mama amevaa miwani, amepanga dawa zake kwenye kile kikopo cha plastiki kilichokuwa cha biskuti, za asubuhi upande huu za usiku upande ule, na daftari la kliniki liko pembeni limechakaa kona. Nikawa namsomea huku namtafsiria. Nilipofika kwenye orodha ya visivyolipwa akanisimamisha, akaniambia, "Sasa mwanangu, kama hailipi presha na hailipi sukari, inalipa nini? Mimi ndo ninavyoumwa hivyo." Sikuwa na jibu la kumpa. Ndo nikaanza upya, kwa hilo swali lake, na nilichokipata nakiweka hapa maana najua kuna watu wengi wako kwenye hali hii hii, mzee anasafiri na hajui mtu achukue ipi.

Kabla ya majina na bei, vitu vya kuangalia

Kosa nililofanya mwanzo ni kuangalia ile namba kubwa iliyoandikwa juu, dola 50,000, dola 100,000, nikadhani yenye namba kubwa ndo bora. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa muda mrefu hiyo namba haikuambii chochote mpaka ujue haya.

Cha kwanza, wanaita nini ugonjwa wa zamani. Karibu kila bima inasema ni hali yoyote uliyotibiwa, uliyoandikiwa dawa au uliyokuwa na dalili zake kabla bima haijaanza, ila wanatofautiana wanarudi nyuma kiasi gani, kuna wanaoangalia miezi 6 au 12, kuna wa miaka 2 au 3, na kuna wasioweka mwisho kabisa. Kwa mama haina tofauti maana dawa anakunywa kila siku, lakini mzee aliyefanyiwa upasuaji miaka minne iliyopita akapona, kwake hiyo miaka ni kila kitu.

Cha pili, huo ugonjwa ukiamka akiwa kule, wanalipa nini hasa. Cha tatu umri, maana kuna bima zinabadilika siku mzee anapotimiza 70 na tena 80, kikomo, yaani kiasi cha juu wanachoweza kulipa, kinashuka na bei inapanda. Cha nne, nani anamlipa hospitali, kampuni inalipa moja kwa moja au familia inatoa kwanza halafu inaklemu. Cha tano bei pamoja na eksesi, yaani ile hela unayoanza kutoa wewe kabla bima haijagusa chochote. Na cha mwisho, ambacho hatupendi kukitaja mbele ya wazee, akifariki huko nani anagharamia kurudisha mwili. Tunajua sote ilivyo, ukikosea hapo linafunguliwa grupu la WhatsApp la michango na maiti iko nchi ya watu inasubiri.

Ili nilinganishe kwa haki nilichukua mifano mitatu na kuipitisha kwenye kila bima. Mfano wa kwanza, mama anateleza kwenye barafu anavunjika nyonga, hicho ni kitu kipya. Wa pili, presha inapanda ghafla asubuhi moja anapata kiharusi. Wa tatu, kidonda cha mguu kwa sababu ya sukari, kile kinachoanza kama lengelenge la kiatu, wiki ya tatu kinatoa harufu. Kila mfano nikaupa bili ile ile ya dola 24,000, siku 4 za kulazwa. Hiyo bili ni ya kwangu ya kupigia hesabu tu, ya Marekani ya kweli inaweza kuwa kubwa zaidi na mara nyingi huwa hivyo.

Na mambo mawili tuyamalize kabisa kabla hatujaendelea. Kadi ya NHIF usiitegemee huko, ni ya matibabu ya hapa nchini. Na ile ya "si dada ana bima nzuri ya kazini, amwongeze mama", bima za kazini Marekani kwa kawaida zinachukua mume au mke na watoto mpaka miaka 26, wazazi hawamo. Medicare yao, ile bima ya serikali ya wazee, nayo sio ya mgeni wa viza ya matembezi.

Ya kwanza: bima ya safari inayouzwa hapa hapa Dar

Hii ndo wengi tunaijua, unaingia ofisini au unampigia ajenti, unatoa kopi ya pasi na tarehe, baada ya muda mfupi una cheti. Wanayo ya Afrika, ya Ulaya, ya dunia nzima.

Ugonjwa wa zamani: karatasi nilizosoma nyingi zimeutoa nje kabisa, au zimeweka kiasi kidogo sana cha dharura. Kwa hiyo nyonga inalipwa mpaka kikomo, kiharusi cha mtu mwenye presha kuna hatari kubwa kisilipwe, kidonda cha sukari hakilipwi. Kwenye mfano wa pili na wa tatu familia inabaki na dola 24,000 zote.

Umri: wanachukua wazee, ila kuanzia miaka 65 au 70 bei inaongezwa na wapo wanaosimama kwenye umri fulani, hivyo sema umri wa mzee kabla hujaulizia bei usije ukahesabu ya kijana.

Malipo: kuna namba ya msaada ya kupiga masaa 24, ukipiga mapema na wakakubali wanaongea na hospitali wenyewe. Ukichelewa kupiga unalipa na kuklemu ukirudi, kwa hiyo tunza kila risiti. Faida yake ni kwamba madai yako yako hapa, unaenda ofisini kwa miguu yako, na kampuni inasimamiwa na TIRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia bima, ukizungushwa una pa kupeleka malalamiko. Halafu hizi zinabeba na mambo mengine, begi likipotea, ndege ikiahirishwa, safari ikivunjika, vitu ambavyo zile za Marekani nitakazozitaja zinavigusa kidogo tu.

Bei ni nafuu kuliko zote na ndiyo inayotosha kwa viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Wale wanataka bima isiyopungua euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, ibebe matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Angalia lakini, hicho ni kigezo cha viza. Ubalozi ukikubali cheti haina maana presha ya mzee imekubaliwa, hayo ni mambo mawili tofauti na watu wengi wanayachanganya.

Inamfaa mzee asiye na ugonjwa wa kudumu, au anayeenda siku chache, au anayetafuta viza ya Ulaya na amekubali kwamba ugonjwa wake wa zamani atajibeba mwenyewe.

Ya pili: bima ya wageni yenye kiasi maalumu kwa kila huduma

Hii na zinazofuata zinanunuliwa onlaini, mara nyingi anazilipia mtoto aliyeko kule kwa kadi yake. Ziko kwa ajili ya wageni wanaoingia Marekani.

Utaratibu wake, kila huduma imepangiwa hela yake. Kumuona daktari kiasi hiki, siku ya kulala wodini kiasi hiki, eksirei kiasi hiki, upasuaji kiasi hiki, basi. Hospitali ikiandika zaidi, inayozidi ni yako.

Hapa naomba utulie upige hesabu kama nilivyopiga mimi kwenye daftari la mama. Tuseme siku ya kulazwa wanatoa dola 1,500. Siku 4 ni dola 6,000. Bili ni 24,000. Zimebaki 18,000, na hapo nyonga ni kitu kipya kabisa ambacho bima imekikubali bila ubishi! Mzee ana bima, kadi iko mkononi, na familia bado inadaiwa dola 18,000.

Ugonjwa wa zamani: nyingi zimeutoa nje, chache zinaukubali kama umelipuka ghafla lakini kwa kiasi hicho hicho maalumu. Kidonda cha sukari hakuna.

Umri: hapa ndipo inapowabeba watu, inachukua wazee wa 80 na kwenda juu ambao kwingine wamefungiwa mlango au wamepewa kikomo kidogo mno.

Malipo: mara nyingi haikubani uende hospitali gani, ila kwa sababu haina makubaliano ya bei na hospitali, bili inakuja nzima bila punguzo. Bei yake ndogo ndo inawavuta watu, na mimi siwezi kumlaumu mtu aliyeinunua kwa sababu hiyo, hela ni hela. Ila aijue kabla.

Inamfaa mzee aliyezidi umri wa zile pana, au familia ambayo ikikosa hii inaondoka bila kitu kabisa.

Ya tatu: bima pana yenye kipengele cha ugonjwa wa zamani kulipuka ghafla

Hii ndo iliyonichukua muda mrefu kuielewa na nadhani ndipo ulipo uamuzi wa watu wengi.

Ni pana kwa maana hii: unatoa eksesi, halafu bima inalipa asilimia, kisha inalipa zote mpaka kikomo. Mpangilio ulio wa kawaida ni eksesi, halafu asilimia 80 ya dola 5,000 zinazofuata, halafu asilimia 100. Tukirudi kwenye nyonga ya dola 24,000, na eksesi tuseme 500: familia inatoa 500, inatoa 1,000 ambayo ndo ile asilimia 20 ya 5,000, jumla 1,500. Bima inabeba 22,500. Linganisha na ile 18,000 ya juu utaona kwa nini bei zao hazifanani.

Ugonjwa wa zamani: haulipwi kwa kawaida yake, ila ukilipuka ghafla, bila dalili za kukuonya, na ukaenda hospitali ndani ya muda walioweka, wengi wanasema masaa 24, unalipwa mpaka utulie. Kwa hiyo kiharusi cha asubuhi kile, mama akikimbizwa siku hiyo hiyo, kinaingia. Lakini "nilihisi kichwa kizito tangu Jumatatu nikasema kitapoa", akaenda Alhamisi, hapo wana sababu ya kukataa. Na wazee wetu tunawajua, kusema anaumwa kwenye nyumba ya mtoto anaona anasumbua, hasa kama mtoto mwenyewe ana kichanga. Hili nimemwambia mama zaidi ya mara moja na nimemwambia dada pia, mama akisema hata neno moja kwamba mkono umekufa ganzi, usimpe chai apumzike, mpeleke.

Kidonda cha sukari hakiingii. Kimekuja taratibu wiki tatu, hakijalipuka, na bima inaita huo ugonjwa unaoendelea. Dola 24,000 zote za familia. Vilevile dawa zake za kila siku, vipimo vya kliniki, kuonana na daktari kwa ajili ya kurekebisha dozi, hakuna kati ya hivyo kinachogharamiwa.

Umri: hapa soma kwa kidole. Kuna zinazotoa kipengele hiki kwa walio chini ya miaka 70 tu, kuna za chini ya 80. Mama ana 71, bima mbili nilizozipenda zikafa hapo hapo. Halafu angalia kama wameweka kikomo cha pembeni kwa moyo na kiharusi, nimeona ambayo juu inasema 100,000 na ndani kiharusi kimepewa robo tu ya hiyo.

Malipo: zina netiweki ya hospitali, ukienda humo wanamalizana wenyewe na bei ni ya makubaliano. Zipo zinazokutoza ziada ukienda emajensi halafu usilazwe, kwa hiyo mafua na tumbo mpelekeni kwenye kliniki ndogo za haraka, emajensi iwe ya dharura kweli.

Kurudisha mwili: kipo kwenye karibu zote, ila uliza kama kinafanya kazi pia pale kifo kinapotokana na ugonjwa wa zamani, maana kuna wanaokifunga kwenye sababu zinazolipwa tu.

Inamfaa mzee ambaye ugonjwa upo lakini umetulia, anakunywa dawa vizuri, hajalazwa karibuni, na hofu ya familia ni ile dharura moja kubwa.

Ya nne: bima inayobeba ugonjwa wa zamani wenyewe

Zipo, ni chache, na ni ghali. Zinakubali kumlipia mgeni matibabu ya presha, sukari au moyo hata kama hakijalipuka kitu.

Ugonjwa wa zamani: unapewa kikomo chake peke yake, kidogo kuliko kikomo kikuu, na eksesi yake peke yake, kubwa zaidi. Tuchukue kidonda cha mguu. Tuseme kikomo cha ugonjwa wa zamani ni dola 20,000 na eksesi 1,500. Ukitoa eksesi kwenye 24,000 zinabaki 22,500, wao wanaishia 20,000, familia inatoa 4,000. Ndiyo pekee kati ya hizi nne inayogusa kile kidonda.

Umri: wanachukua wakubwa, bei inafuata umri. Baadhi zinakulazimisha ununue siku nyingi, hata miezi mitatu kwenda juu, mzee anayeenda wiki tatu analipia miezi ambayo hayupo.

Malipo: zenye netiweki zinamalizana na hospitali, hakikisha kwamba mji anaokwenda mzee una hospitali zao.

Kwa wanaokwenda Kanada kuna aina yake. Ile viza ya wazazi na mabibi na mababu, supa viza, inadai bima ya dola za Kanada zisizopungua 100,000 kwa mwaka mzima. Bima za kule mara nyingi zinakubali ugonjwa wa zamani kwa sharti la kutulia, yaani kwa siku 90 au 180 kabla ya safari pasiwe na dalili mpya, wala kulazwa, wala dawa kubadilishwa. Hili la dawa lishike sana. Daktari akipandisha amlodipini, dawa ya presha, kutoka miligramu 5 kwenda 10 mwezi mmoja kabla ya ndege, hata kama amefanya hivyo mzee awe salama zaidi, kwenye macho ya bima presha hiyo haijatulia. Usimzuie daktari kubadilisha dawa, uhai kwanza, ila peleka mzee kliniki mapema, miezi sita kabla, dozi irekebishwe wakati bado kuna muda.

Inamfaa mzee mwenye sukari iliyoanza kuleta madhara, au moyo, au figo, na anayekaa muda mrefu, na familia ina uwezo wa kugawana bei.

Kuhusu kujaza fomu, naomba hapa tusikilizane

Mama yangu mdogo alisafiri miaka kadhaa iliyopita. Ajenti alimuuliza maswali haraka haraka, alipofika kwenye magonjwa akamwambia, "Mama, tuandike hapana, hawaangaliagi hawa." Mama mdogo akasaini. Huko alikokwenda akalazwa, daktari akamuuliza kama wanavyouliza madaktari wote, unaumwa nini, tangu lini, unatumia dawa gani. Akajibu ukweli, nani atamdanganya daktari akiwa kitandani? Ikaandikwa kwenye faili. Kampuni ikaomba faili kabla ya kulipa, ikakuta miaka kumi na kitu ya presha, ikaweka na ile fomu yenye "hapana" pembeni, ikakataa kila kitu, mpaka vipimo ambavyo havikuhusiana na presha. Ajenti simu akawa hapokei. Tulilipa wenyewe kwa kuchangishana ukoo mzima na mama mdogo alirudi akiwa ananyong'onyea kuliko alivyoumwa, anahisi yeye ndo ametutia hasara, na wala kosa halikuwa lake.

Kwa hiyo andika ukweli wote. Jaza fomu mwenyewe au kaa pembeni ya anayejaza. Ukikubaliwa kitu chochote kwa mdomo, mwambie akutumie kwa imeili au meseji.

Kwa hali tofauti

Mzee anaenda Ulaya wiki mbili kwa viza ya Schengen na afya yake imetulia, ya kwanza inatosha, ila uliza swali la ugonjwa wa zamani hata hivyo, ukipata kampuni inayotoa angalau dharura kwa kuongeza kidogo, ongeza.

Anaenda Uingereza, bima haidaiwi kwenye viza ya matembezi na ndo maana watu wanajisahau. Kule huduma ya chumba cha dharura hailipiwi mpaka pale anapolazwa, akishalazwa mgeni anatozwa asilimia 150 ya bei ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali yao. Na deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili linaweza kufikishwa uhamiaji wao na viza ijayo ikagoma. Hapo tafuta ya kwanza iliyokubali ugonjwa kwa maandishi, au muulize mtoto aliyeko kule kama kuna ya wageni ambayo unatangaza ugonjwa wote na ukakubaliwa.

Marekani, chini ya 70 na ugonjwa umetulia, anza na ya tatu. Kati ya 70 na 79, ya tatu bado ipo ila chagua zile chache ambazo kipengele hakijaishia 70. Hospitali za kule kwa sheria ya mwaka 1986 zinalazimika kumpokea mgonjwa wa dharura na kumtuliza hata kama hana hela, kwa hiyo hakuna atakayemwacha mama mlangoni, lakini bili inakuja nyumbani baadaye na haisahauliki. Akiwa na 80 na zaidi, linganisha ya pili na ya nne, na kama mtaishia ya pili basi familia iwe na akiba pembeni na makubaliano ya nani anatoa nini kabla mzee hajapanda ndege.

Mwenye kidonda, figo zilizochoka, au aliyewekewa vyuma vya moyo karibuni, ya nne au asubiri. Najua kusubiri ni neno gumu kwa bibi ambaye mjukuu amezaliwa, lakini mjukuu anaweza kuja Dar.

Anaenda India kutibiwa, hizi zote hazimhusu, bima ya safari hailipi safari ambayo lengo lake ni matibabu. Hapo ni kupanga gharama na hospitali yenyewe.

Dawa ni kitu kingine kwa kila mzee, maana hakuna kati ya hizi nne nilizoona inayolipia vidonge vya kila siku isipokuwa ya nne, na yenyewe kwa masharti. Marekani wanaruhusu mgeni kuingia na dawa za matumizi yake za kama siku 90. Mama anaruhusiwa kukaa miezi sita kwa kawaida, kwa hiyo ama akae mitatu ama dada ajue mapema metformini na losatani, dawa zake za sukari na presha, za miezi iliyobaki atazinunua vipi, maana atahitaji daktari wa kule kumwandikia. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwenye makopo yake yenye lebo, na barua ya kliniki yenye majina halisi ya dawa sio ya kibiashara. Insulini usiiweke kwenye begi la chini, inaweza kuganda huko.

Sisi tumechukua ya tatu, yenye kipengele mpaka miaka 79, eksesi dola 500, na dada ametenga hela pembeni kwa ajili ya yale yasiyolipwa. Mama anapakwa mafuta miguuni na kuangaliwa vidole kila usiku, hiyo ameahidi dada. Familia nyingine yenye mzee mwenye sukari kali kuliko ya mama ingechukua ya nne na ningewaelewa.

Na kama mzee wako ameshafika kule bila bima yoyote, zipo zinazouzwa hata akiwa ndani ya nchi. Nunua leo akiwa mzima, maana kitakachoanza hata saa moja kabla ya bima kuanza nacho watakiita cha zamani.